Mashati Kumi na Matatu

Mtaa mzima ulimwita Fundi Pindo, na waliolikumbuka jina lake la kuzaliwa walikuwa wamebaki wachache. Alikuwa mwanamke mwenye miaka hamsini na tisa, cherehani mbili, na ugonjwa mmoja usio na dawa: hakuweza kumwangalia mtu usoni kwanza. Macho yake yalianzia kwenye kola, yakateremka na vifungo, yakapima urefu wa mikono, yakafika kwenye pindo la chini, ndipo yakakumbuka kupanda juu kuona ni nani anayesalimia. Siku moja alipishana barabarani na kaka yake wa tumbo moja akampita kama hamjui, kwa sababu kaka mtu alikuwa amevaa koti jipya la dukani. Lakini mwanamke aliyeshonewa gauni miaka ishirini iliyopita akipita nalo mbele ya duka, Fundi alimwita kutoka mlangoni amuulize kama bega la kushoto bado linambana.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyepewa kazi ya kutafuta uso.

Uso wenyewe ulikuwa wa babu yake, baba wa mama yake, aliyekwenda vitani akimwacha mkewe na mimba ya miezi minne, asirudi tena. Mtoto aliyekuwa tumboni sasa alikuwa bibi wa miaka themanini na tatu, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kumwona baba yake hata pichani. Alichorithi ni maneno ya marehemu mama yake tu: jina la kikosi cha baba, kwamba alikuwa seremala, kwamba alikuwa na maskhara mengi, na kwamba hakuwa na kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Alikikata mwenyewe kwa shoka, kushoto ameshika mti, kulia ameshika shoka, na macho yako kwa msichana anayepita njiani. Msichana huyo ndiye aliyekuja kuwa mkewe, na hadi anazeeka aliisimulia hadithi hiyo kwa majivuno, kila mwaka akiongeza chumvi.

Tatizo lilikuwa macho ya mama. Presha ya macho ilikuwa imekwisha kulichukua jicho la kulia, na daktari alisema la kushoto likifika mwisho wa mwaka na lishukuriwe. Mama mwenyewe aliipokea habari hiyo bila kulia. Alimwambia daktari kwamba ameona mengi, mengine hata hayakustahili kuonwa, ila kuna kitu kimoja hajakiona, basi amhesabie vizuri hiyo miezi.

Kisha redio ikatangaza kwamba ofisi ya kumbukumbu imepokea masanduku ya picha za vita vile vya zamani, picha mamia, nyuma yake zimeandikwa kikosi bila majina, na kwamba wananchi wenye wazee wao waliopigana waje wasaidie kuwatambua. Fundi aliacha suruali ya watu kwenye cherehani, mguu mmoja umeshonwa na mwingine bado, akaenda kumwambia mama yake avae waende.

"Mimi siendi," mama alisema. "Nenda wewe."

"Mama, si ndiyo hamu yako?"

"Ndiyo hamu yangu, ndiyo maana siendi. Mimi nimeshawahi kuwa na baba wa kuazima, mwanangu. Sitaki kurudia."

Fundi aliijua hadithi hiyo lakini alikuwa ameusahau uzito wake. Zamani, yeye akiwa bado anatambaa, mtu mmoja alimletea mama picha ya askari akaapa kuwa ndiye. Mama akaitia fremu, akaitundika juu ya meza ya kulia, na kwa miaka mitatu kila siku akimweleza habari za nyumbani, nani kaoa na nani kagombana na nani. Siku moja wakaja wageni, mmoja akainua macho kutoka kwenye sahani na kuuliza kwa mshangao, "Jamani, mbona mmemtundika mjomba wetu?" Na kweli alikuwa mjomba wao. Mama aliishusha picha, akaifunga kwenye kitambaa kisafi, akawapa.

"Nilifiwa siku ile," mama alisema, "na nilifiwa na mtu asiye wangu, hata haki ya kulia sikuwa nayo. Angalia wewe. Ukiwa na hakika, hakika ya kuapa, ndipo uniletee. Sitaki kuzoea uso mwingine wa watu."

Basi kila Jumatano mchana Fundi akawa anafunga duka na kwenda kwenye chumba cha picha, ghorofa ya pili, mwisho wa ukumbi. Humo kulikuwa na meza ndefu, taa yenye shingo ya kukunja, kabati za chuma zenye milango ya kioo, na bwana mmoja mwembamba wa miaka arobaini hivi ambaye kila mtu ofisini alimwita Mtunza Picha. Alikuwa na tabia ya kunong'ona hata pasipokuwa na mtu wa kumsumbua. Siku ya kwanza alimpa Fundi glavu nyeupe za pamba, na Fundi kabla ya kuzivaa akazigeuza ndani nje.

"Aliyeshona hizi alikuwa na haraka," alisema. "Angalia kidole gumba."

"Ni za kiwandani, mama," Mtunza Picha akanong'ona.

"Basi kiwanda kilikuwa na haraka."

Mtunza Picha alimfundisha kushika picha kwa kingo zake, kuigawa kwa macho vipande vinne, na kukimaliza kimoja kwa lenzi kabla ya kuhamia kingine. Alimwambia mtu akitazama picha yote kwa mara moja haoni kitu. Fundi alilipenda neno hilo, maana ndivyo yeye alivyokuwa akiwatazama watu maisha yake yote na kulaumiwa.

Mikono ndiyo aliyokuwa akiitafuta, lakini nguo hazikumwachia njia. Wiki ya pili alimwonyesha Mtunza Picha askari aliyeketi juu ya debe, kifuani ana alama ya mraba iliyokolea rangi kuliko shati lote. "Hapo palikuwa na mfuko," alisema. "Sasa shuka kwenye goti la kaptula yake. Unauona?" Mtunza Picha akainama, na kweli mfuko ulikuwa gotini, umekuwa kiraka, na tundu la kifungo chake bado lipo. Wiki ya tatu akamwonyesha marafiki wawili walioshikana mabega, viraka vyao vimeshonwa kwa mkono mmoja, mishono mirefu inayoegemea upande. "Huyu mrefu ndiye fundi," alisema, "maana vyake mwenyewe ni vibaya zaidi. Mtu akimshonea mwenzake hujitahidi." Kulikuwa na mpishi aliyefunga shati lake kwa kifungo kikubwa chenye maua, cha gauni la kike, na wote wawili wakakaa dakika nzima wakijiuliza ni nani huko mbali aliyebaki na gauni lililo wazi.

Mtunza Picha alianza kuyaandika maneno hayo kwa adabu, kwa penseli, akaishia kuyaandika kwa pupa. Alikuwa na miaka kumi na minne katika chumba kile na hakuna mtu aliyewahi kumchekesha humo. Alikwisha kuwaona askari wale kama kikosi na tarehe. Sasa Jumatano akija kazini alijikuta amewahi, anapanga picha mezani kama mtu anayengoja wageni, na siku Fundi alipochelewa kwa mvua alitoka mara tatu kuchungulia ngazi.

Wiki ya sita wakafikia picha ya lori. Askari kumi na watatu walikuwa wamejipanga mbele yake, na pembeni amesimama afisa wao, mgeni, amevaa koti refu. Nyuma ya picha palikuwa pameandikwa kikosi, na kilikuwa kikosi kile kile cha babu. Fundi akaichukua lenzi. Akaanza kwenye pembe ya kushoto, mkono baada ya mkono. Mtu wa tatu kutoka mwisho alikuwa ameushika mkanda wake kwa mbele, vidole vimekaa wazi juu ya ngozi, navyo vilikuwa vitatu na gumba.

Aliisogeza lenzi juu ya mkono huo. Alikaribia kuita. Kisha akaangalia tena, akahesabu na mabega, akaona ulikuwa mkono wa kulia.

Mtunza Picha alifungua daftari la kikosi, akapitisha kidole ukurasa kwa ukurasa. Aliyeandikishwa akiwa amepungukiwa kidole alikuwa mmoja tu, seremala, miaka ishirini na miwili, kidole kidogo cha mkono wa kushoto.

"Daftari si linaweza kukosea?" Fundi aliuliza.

"Linaweza. Lakini daftari linasema kushoto, mama yako anasema kushoto, na bibi yako aliyekiona kikikatika alisema kushoto." Alisema kwa upole, na upole wenyewe ndio uliomkera Fundi. "Huyu huenda alikipoteza huko huko vitani. Pole sana, mama."

Fundi alikasirika, na kwa kuwa hakuwa na wa kumkasirikia, akalipiza kwa mashati. "Tena fundi wao alikuwa ovyo," alisema. "Shati la kiume upande wa kushoto hukaa juu ya wa kulia. Hawa wote kumi na watatu kawafungia kike. Jeshi zima limevaa blauzi." Mtunza Picha akaandika kwamba mashati ya kikosi hicho yalishonwa kike. Fundi alikwenda nyumbani akiwa amefarijika kidogo, maana hakuna kinachompoza fundi kama kazi mbaya ya fundi mwingine.

Mama alikuwa mezani akimimina chai. Nusu iliingia kikombeni, nusu ikaenda mezani, na mama akasema kikombe kimesogea. Fundi alichukua kitambaa akafuta meza.

"Umempata?" mama aliuliza.

"Bado, mama."

"Miguu yako inatembea kama ya mtu aliyempata akamkosa."

Ikabidi amweleze. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. "Mkono wa kulia si wake. Waachie wenyewe." Kisha akapapasa meza kutafuta kikombe ambacho kilikuwa mbele yake, na Fundi alilazimika kugeuka upande. Ilikuwa imebaki miezi mitatu mwaka uishe.

Kesho yake, Alhamisi asubuhi, alikuja kinyozi wa jirani. Kinyozi alikuwa na harusi ya mdogo wake, ameshonewa shati na suruali, na shati tayari analo mwilini. Alisimama mbele ya kioo kirefu cha duka, akajigeuza, akajikohoza, akajisifu. Fundi alikuwa amepiga magoti sakafuni, pini sita mdomoni, anampimia pindo la suruali. Alipomaliza mguu wa kwanza akainua macho kuangalia urefu kwenye kioo, na damu ikamwenda mbio. Shati la kinyozi lilikuwa limefungika kike.

"Vua," alisema katikati ya pini.

"Nivue nini tena, dada fundi?"

"Shati. Nimekuharibia." Akainuka, akamshika mabega, akamgeuza. Shati lilikuwa sawa. Upande wa kushoto juu, kama inavyotakiwa. Akamrudisha kwenye kioo, likawa la kike. Akamgeuza tena, la kiume.

"Dada, nina kizunguzungu," kinyozi alisema.

Fundi alitoa pini mdomoni moja moja akizichomeka kwenye mkono wa gauni lake. Miaka thelathini na mitano wateja wanasimama mbele ya kioo kile, na alikuwa amezoea mno hata hakukumbuka kwamba kioo hugeuza kushoto kuwa kulia. Alifikiria mashati kumi na matatu. Fundi mmoja anaweza kulewa akakosea yote kumi na matatu, sawa. Lakini afisa? Koti la afisa lilishonwa kwao, ng'ambo ya bahari, na fundi mwingine kabisa, nalo pia, sasa alikumbuka vizuri, lilifungika upande huo huo. Mafundi wawili wasiojuana hawawezi kukosea kosa moja. Hakukuwa na shati lililokosewa pale. Kilichokosewa ni picha.

Akachukua ufunguo akatoka. Kinyozi akamfuata kwa sababu hakuwa na la kufanya: suruali yake ya nyumbani ilikuwa imefungiwa dukani, na hii ya harusi mguu mmoja umepindwa kwa pini hadi kwenye kifundo na mwingine unafagia barabara. Watu waliowaona wakikimbia, fundi mbele na futi shingoni, kinyozi nyuma ameshika suruali, waliamini kwamba mtu kakimbia bila kulipa, ila hawakuelewa ni yupi.

Mtunza Picha alishtuka kuona Alhamisi imevamiwa. Fundi hakuvaa hata glavu. "Nitolee filamu yake," alisema. "Ile yenyewe iliyopigiwa picha. Picha yako imegeuka."

Alimweleza kwa kumsimamisha kinyozi mbele ya mlango wa kioo wa kabati. Mtunza Picha aliangalia shati, akaangalia kioo, akaangalia shati, kisha akaenda kwenye sanduku bila kunong'ona lolote. Alirudi na bahasha, akatoa kipande cha filamu, akakilaza juu ya kioo chenye taa chini yake. Filamu ina upande unaong'aa na upande uliofifia, wenye dawa, aliwaambia, na anayesafisha picha akikosea upande wa kuilaza, dunia nzima inahama kutoka kulia kwenda kushoto. Aliigeuza ilivyotakiwa. Lori likaelekea upande mwingine. Afisa akahamia pembe nyingine. Na mtu wa tatu, ambaye sasa alikuwa wa tatu kutoka mwanzo, akawa ameushika mkanda wake kwa mkono wa kushoto.

"Kushoto," Mtunza Picha alisema, kwa sauti iliyosikika hadi ukumbini. Mtu wa chumba cha pili akaja kuuliza kuna nini.

Fundi alitaka kucheka, akajikuta ameketi sakafuni. Alichoweza kusema ni kwamba anamwomba radhi fundi wa jeshi, popote alipolala, kwa maneno yote aliyomtukana jana. Mtunza Picha alitafuta penseli, akafuta sentensi yake ya mashati ya kike, kisha akafungua daftari akaangalia mara tatu, kikosi, seremala, kidole, mkono. Kwa mara ya nne akaangalia kwa raha yake tu.

"Hakika ya kuapa?" Fundi alimuuliza.

"Naapa, mama."

Akachapisha picha upya, upande wake halali, na nyingine ya mtu wa tatu peke yake, kubwa, kuanzia kifuani. Kinyozi aliinama kuitazama. "Huyu anafanana na..." akaanza.

"Funga mdomo," Fundi alisema, akaifunika. Ndipo alipotambua kwamba yeye mwenyewe alikuwa hajauona uso ule. Alikuwa ameona mkono, mkanda, shati, vifungo vitano na kola iliyochoka. Safari hii akaushukuru ugonjwa wake, kwa sababu wa kwanza kuuona uso ule hakustahili kuwa yeye.

Mama alisikia miguu ya watu watatu mlangoni, na miguu ya mwanawe ilimweleza yaliyobaki. Aliomba maji akanawa uso, akaomba gauni lake la kijani, akaomba kiti kisogezwe dirishani kwenye mwanga. Mtunza Picha aliishika taa ya mkono juu ya bega lake, Fundi akampa lenzi, na kinyozi akasimama kando ameshika suruali.

Ilichukua muda. Mama aliigawa picha kwa vipande bila kufundishwa na mtu, kwa sababu jicho lake lilikuwa limebakiwa na kidirisha kidogo tu cha kuonea. Alianza na kidevu. Akapanda mdomoni, akatua hapo, mdomo wenyewe ukiwa umekaa kama wa mtu anayezuia kicheko mpigapicha asimkaripie. Akaenda jicho moja, akaenda la pili. Kisha akaishusha lenzi mapajani.

"Mbona ni mtoto huyu?" alisema.

"Ana miaka ishirini na miwili, mama. Ndivyo daftari linavyosema."

"Ishirini na miwili. Mjukuu wangu wa mwisho anamzidi." Akacheka, na kicheko kikaja na machozi, vyote pamoja, asivizuie chochote. "Miaka yote hii namfikiria mzee. Namwona ana mvi, ana mkongojo, ananigombeza. Kumbe ni mtoto, na ana maskhara usoni, angalieni jamani."

Wakaangalia. Fundi aliuona uso huo kwa mara ya kwanza, na ulikuwa uso wa mama yake, ila haujapata makunyanzi.

Mama alifuta macho kwa kiganja. Akaweka sawa kitambaa cha kichwani, akakaa wima kitini, akaishika picha kwa mikono miwili.

"Shikamoo, baba," alisema.

Katika umri ule hakukuwa na mtu aliyebaki duniani wa kupewa shikamoo na mama, na kumpa baba hakuwahi hata siku moja. Mtunza Picha aliinamisha kichwa. Kinyozi alimwangalia Fundi, Fundi akaiangalia sakafu, kwa kuwa hakuna aliyejua nani aitikie. Mama alingoja kwa muda unaostahili adabu, kisha akatikisa kichwa taratibu.

"Marahaba," akaitikia mwenyewe. "Mwacheni tu, msimlaumu. Kwa umri, mimi ndiye mkubwa wake."